Karanga Chini ya Kufuli

Sogeeni, ndugu zangu, na aliye na chungu jikoni akipunguzie moto kwanza, maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Ni habari ya nyumba moja ya Kinyamaseke, kando ya barabara iendayo Bwera na Mpondwe, mpakani na Kongo, katika mwaka wa 2012. Siisimulii ili kumsuta mtu. Naisimulia kwa sababu nyumba kama ile bado zipo, na huenda mmoja wetu hapa atalala ndani yake leo bila kujua.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mwezi wa pili. Zedekia alikuwa ameketi barazani, amevua viatu vya kanisani, akiutazama ua wake kama mtu asiyemwonea wivu mtu. Jua lilikuwa kali, lakini upepo wa mlimani ulikuwa ukishuka taratibu na kupoza mabati. Immy, binti yake wa miaka kumi na miwili, na mdogo wake Bright walikuwa wakicheza na vijiwe mavumbini. Sophie, mke aliyemwoa kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, alikuwa ameinama akisugua sufuria kwa majivu. Hapakuwa na shida yoyote.

Ghafla sufuria ikaanguka kwa kishindo, na Sophie akaruka nyuma akipuliza mikono yake.

"Nini tena, Mama Immy?"

"Mikono inaniwaka, Papa Immy. Iko sawa vile mutu amenimwangia maji ya moto."

Zedekia alishuka barazani akaishika ile mikono. Migongo yake ilikuwa imeiva weusi usio wa kawaida, imekauka na kupasuka-pasuka, kana kwamba amevaa glavu za masizi.

"Ni majivu hayo. Tumia sabuni," akasema.

Akarudi kuketi, lakini raha ilikuwa imekwisha. Akasimama, akaketi, akasimama tena. Mwishowe akaenda nyuma ya nyumba kukagua kufuli la stoo yake, ambalo alikuwa amelikagua asubuhi ileile.

Zedekia hakuwa mtu mbaya, naomba mlishike hilo. Hakunywa pombe, hakumpiga mkewe, hakukosa ibada. Ila hakujua kutulia. Baba yake alikufa akiwa kibarua wa mashamba ya watu, akazikwa katika jeneza la kuchangiwa, na siku ile kijana aliapa kwamba yeye hatazikwa hivyo. Akawa mnunuzi wa mazao. Alipanda na kushuka vilima vya Bukonzo akinunua maharage na karanga kwa wakulima, akayarundika magunia stoo, na siku za soko, Jumanne na Ijumaa, akayapeleka Mpondwe kwa wanunuzi kutoka Kongo. Alitaka lori. Alilala akiliota lori, akaamka akilizungumza. Stoo ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ileile waliyoishi, na ufunguo wake ulining'inia kwenye mkanda wake kutwa nzima.

Na nyumbani walikula nini? Mahindi ndiyo yaliyokuwa na bei ya chini sokoni, kwa hiyo mahindi ndiyo yaliyobaki nyumbani. Asubuhi uji wa mahindi, jioni posho, yaani ugali wa mahindi hayohayo, na kando yake maji ya kabichi yenye chumvi. Kuku waliuzwa. Mayai yaliuzwa. Zedekia mwenyewe mchana alikuwa safarini, akila nyama choma kwa wachoma nyama wa mpakani au samaki wa ziwani pamoja na wafanyabiashara wenzake. Watoto mchana walikuwa shuleni. Aliyebaki na posho, mchana na jioni, leo na kesho, alikuwa mmoja tu.

Msiniulize kwa nini Sophie hakusema. Alisema. Jioni moja, kabla ya mikono ile kuanza kuwaka, alimfuata mumewe hadi mlango wa stoo.

"Papa Immy, nichotee hata kikombe kimoja cha karanga. Nitwange, nitie mu mboga."

"Karanga hizi si za kuliwa. Zina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Kesho," Zedekia akajibu. "Mwenyewe ni kesho." Akafunga mlango, na maneno yake yakampendeza, akayarudia siku ya pili mbele ya wenzake sokoni, nao wakamsifu.

Mikono haikupona kwa sabuni. Duka la dawa lilimpa mafuta ya kupaka, yakateleza tu juu ya ngozi bila faida. Mwezi wa tatu weusi ule ulipanda mpaka kwenye viwiko, ukatokea pia shingoni, ukaizunguka kama mkufu. Pembe za mdomo zilichanika. Ulimi ukawa mwekundu kama nyama mbichi, hata uji wa vuguvugu ulimtoa machozi. Kisha likaja tumbo la kuharisha lisilokoma. Sophie, aliyekuwa na kicheko cha kusikika mpaka barabarani, akawa mtu wa kufoka. Akamfokea Bright kwa kukohoa. Akamfokea jogoo. Usingizi ukamkimbia.

Watu wakaanza kunong'ona. "Huyo ana ugonjwa ule," walisema, wakimaanisha ukimwi, na Zedekia alipopita kituoni, pale penye maduka, mazungumzo yalikatika kama uzi. Naye alizunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Akienda Mpondwe alitamani kuwa nyumbani. Akifika nyumbani alitamani kurudi Mpondwe. Aliogopa kumpeleka mkewe kupimwa, kwa sababu aliogopa jibu.

Sasa niwajulishe Ronah. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, jirani wa ua kwa ua, mwenye mibuni michache, migomba na kuku. Watoto wake wote walikwisha kufa. Kila baada ya siku mbili tatu, jua lilipopungua makali, aliinua bakuli juu ya ua wa miti na kuita kwa sauti ya chini, "Mama Immy, pokea." Ndani mlikuwa na maharage yaliyoungwa kwa karanga, au dagaa, mara nyingine yai. Sophie alikula palepale, amesimama, kisha akarudisha bakuli likiwa tupu.

Siku Zedekia alipoliona bakuli lile, uso ulimwiva kwa aibu. Stoo imejaa, na mkewe analishwa na mjane! Watu watasemaje? Jambo lile lilimkaa rohoni kama mwiba.

Mwezi wa tano alikuja nabii mmoja, Yeseri jina lake, akapiga hema karibu na kituo. Zedekia alimpeleka Sophie. Yeseri alimshika kichwa, akafumba macho, akatetemeka.

"Ugonjwa huu unapitia mdomoni," akasema. "Naona mkono wa mwanamke. Naona chombo."

"Bakuli?" Zedekia akadakia.

"Bakuli. Umesema vema. Anayelileta yuko mbali au karibu?"

"Karibu."

"Mtaje, tumshinde."

Zedekia akamtaja. Ndugu zangu, liangalieni vizuri jambo hili: nabii hakulitaja jina. Jina la Ronah lilitoka kinywani mwa Zedekia, na likishatoka halikurudi.

Siku ya pili, mchana kweupe, vijana wa kituo waliingia kwa Ronah na mapanga. Hawakumgusa mwilini. Waliikata mibuni yake mmoja baada ya mwingine, wakapanda juu ya nyumba na kung'oa mabati. Zedekia hakushika panga. Alisimama kando ya ua, mikono nyuma, akatazama. Ronah alitoka na furushi la nguo na kuku wawili aliowafunga miguu, akamwita mwenye boda boda ampeleke kwa kaka yake, kijijini Karambi. Alipokwisha kupanda pikipiki akamgeukia jirani yake.

"Zedekia, mwanangu. Mimi naenda. Lakini leo ukiingia ndani mwulize mkeo, jana alikula nini?"

Zedekia hakumwuliza. Aliliokota lile bakuli la Ronah lililobaki kwenye ua, akalipasua juu ya jiwe.

Yeseri alisema sasa adui amekwisha, Sophie atapona. Badala ya kupona, Sophie alizama. Katika majuma matatu alikuwa hamtambui Immy. Alimwita kwa jina la mama yake aliyekufa. Alitembea uani toka ukuta huu hadi ule, akihesabu kitu kisichoonekana, na ukimketisha anainuka. Immy aliacha shule ili amlinde, na Bright akawa halali mpaka dada yake amshike mkono.

Ijumaa moja Zedekia alikuwa sokoni Mpondwe, akibishana na mnunuzi, mtu mmoja wa boda boda alipofika mbio.

"Mzee, mama yako ya nyumbani iko kwa lami! Malori imesimama yote!"

Aliyaacha magunia yake wazi. Alipofika Kinyamaseke alikuta malori yamepanga foleni pande zote mbili, madereva wanapiga honi, watu wamejaa. Katikati ya lami, juani, Sophie alikuwa amepiga magoti. Alikuwa akisambaza kokoto kwa viganja vyake vilivyochunika, akizigeuza polepole kama mtu anayeanika mahindi kwenye turubai. Immy alikuwa amesimama mbele yake, amenyoosha mikono yote miwili kuzuia magari, akilia.

"Mama Immy, inuka," Zedekia akasema.

Sophie alimtazama kama anavyotazamwa mgeni. "Usikanyage," akamwambia kwa upole. "Haijakauka bado."

Dereva mmoja akacheka. Mwenzake akamwambia anyamaze.

Zedekia alimbeba mkewe begani mpaka nyumbani, na alishangaa kuona alivyo mwepesi. Gunia la karanga lilikuwa zito kuliko yeye. Lakini badala ya kwenda hospitali alirudi kwa Yeseri, na Yeseri akasema pepo huyu hatoki ila kwa kufunga. Siku saba, maji tu. Basi mtu aliyekuwa akifa kwa kukosa chakula akaamriwa asile, na mumewe akaitikia amina.

Siku ya nne ya mfungo, asubuhi, alitokea mwanamke mfupi mwenye kitenge cha manjano, akitembea kwa hatua za haraka. Ni Aimée, dada mkubwa wa Sophie, aliyepata habari kutoka kwa wachuuzi wa Kasindi, upande wa Kongo, na kuvuka mpaka siku hiyohiyo. Alimkuta mdogo wake amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, inzi kwenye macho. Hakulia. Alizunguka nyumba akitafuta kitu cha kumpa, akafika nyuma, akausukuma mlango wa stoo, ukakataa. Akachungulia kwenye tundu la ukuta. Aliporudi mbele sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

"Shemeji Zedekia! Mutoto wa mama yangu anakufa mu nyumba yenye iko na magunia ya karanga mpaka juu? Mu Congo kule vita ilitufukuza, tulilala mu pori, lakini hatukukufa hivi. Wewe uko mutu gani?"

"Dada, ni uchawi. Nabii amesema..."

"Nabii wako eko wapi? Njoo naye hospitali, tumuulize pale."

Alisimamisha gari la abiria yeye mwenyewe, akamwinua Sophie yeye mwenyewe. Zedekia alifuata nyuma kama mtoto anayepelekwa kuadhibiwa.

Hospitalini Bwera walipokelewa na tabibu aitwaye Ojara, Mwacholi wa kaskazini, mrefu, asiyejua Kikonzo, lugha ya wenyeji. Alizungumza na wagonjwa Kiswahili alichojifunza huku na huku, na hakikuwa na mapambo. Alituma damu ikapimwe kwanza. Jibu lilipokuja alisema, "Ukimwi hana," na Zedekia akashusha pumzi aliyoizuia miezi mitatu. Kisha Ojara akapandisha mkono wa gauni la Sophie.

"Angalia hapa, mzee. Ugonjwa inatoka kwa vidole, inafika hapa kwa nguo, inasimama. Mahali jua haifiki, ngozi iko safi. Shingo pia. Anaharisha?"

"Miezi miwili."

"Na akili?"

"Akili imepotea," Aimée akajibu. "Hajui mutoto wake."

Ojara akatikisa kichwa, akavuta kiti karibu na Zedekia. "Mzee, niambie. Jana bibi yako alikula nini?"

Zedekia akalitambua swali hilo. Lilikuwa lilelile la Ronah.

"Alikuwa amefunga."

"Kabla ya kufunga?"

"Posho."

"Posho na nini?"

"Maji ya kabichi."

"Na mwezi wa nne? Na mwezi wa kwanza?"

Zedekia akaona ukuta unamkaribia, akajitetea. "Daktari, kama ni chakula, mbona watoto hawaumwi? Mbona mimi siumwi? Tunakula nyumba moja."

"Watoto mchana wanakula wapi?"

"Shuleni."

"Nini?"

"Posho na maharage."

"Na wewe mchana?"

"Sokoni."

"Nini?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amegeuza kichwa asikilize.

"Sema, shemeji," Aimée akasema. "Sema unakula nini."

"Nyama," Zedekia akajibu kwa sauti ndogo. "Na samaki."

Ojara hakumfokea. Alimweleza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi. Ugonjwa huu unaitwa pelagra. Chakula kina vitu vidogo visivyoonekana, vinaitwa vitamini, na vitamini B peke yake ni ukoo wa ndugu wanane. Kila ndugu ana kazi yake mwilini: mmoja moyo na mishipa ya fahamu, mwingine damu, mwingine mtoto aliye tumboni. Aliyekosekana kwa Sophie ni wa tatu, anayelinda ngozi, tumbo na akili. Akipungua, ngozi inaungua juani, tumbo linaharisha, akili inatoka. Asiporudishwa, mtu anakufa.

"Lakini mahindi ni chakula," Zedekia akasema.

"Ni chakula, ndiyo. Hata hiyo vitamini iko ndani, lakini imefungwa, kama kitu kwa stoo. Tumbo ya mtu haina ufunguo. Kwa nyama iko wazi. Kwa samaki, kwa karanga iko wazi. Maharage pia inasaidia." Akachukua kalamu. "Wewe kazi yako ni gani?"

"Nanunua mazao."

"Mazao gani?"

Zedekia alihisi ufunguo kwenye mkanda wake umekuwa wa moto. "Maharage," akasema. "Na karanga."

Kalamu ya Ojara ikasimama. Kisha tabibu akauliza jambo la mwisho. "Kitu moja sielewi. Mtu wa posho tupu hivi, angeanguka zamani. Nani alikuwa anampa chakula nyingine?"

Zedekia alitoka nje. Alitembea mpaka kwenye ukuta wa hospitali, akarudi, akaenda tena. Aliliona bakuli likiinuliwa juu ya ua. Aliliona likipasuka juu ya jiwe. Alianza kulia mbele ya watu waliokuwa wakisubiri dawa, mtu mzima, mnunuzi anayejulikana, na hakujali nani anamwona.

Sophie alipewa vidonge vya vitamini ile na nyingine za ukoo ule, akalishwa uji wa maziwa kwa kijiko, kisha samaki, kisha maharage yaliyopondwa. Siku ya nne Immy aliingia wodini, na mama yake akamkazia macho.

"Immy, mbona umevaa sweta ya mutu mwingine?"

Lilikuwa sweta la Aimée. Msichana aliangua kilio, akajificha kifuani mwa mama yake, na wodi nzima ikacheka na kulia pamoja naye. Kuhara kulikoma juma lile. Ngozi ilichukua mwezi na zaidi, ikichunika na kuota upya, laini kama ya mtoto.

Siku waliyoruhusiwa, wakiwa wamekaa kwenye benchi wakingoja gari, Sophie alimwambia mumewe, bila kumtazama, "Nilikuomba kikombe kimoja. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Miye nilikuwa na wazimu, daktari amesema kwa sababu gani. Wewe ulikuwa na nini?"

Hadi leo Zedekia, akiulizwa, husema jibu lake hajalipata.

Alipofika nyumbani aliifungua stoo, akatoa gunia la karanga na la maharage akayaweka jikoni, na ufunguo wenyewe akampa Sophie. Lori halikununuliwa mwaka ule. Lakini moyo wake haukutulia, kwa sababu ng'ambo ya ua kulikuwa na nyumba isiyo na paa, na visiki vya mibuni vikianza kuchipua ovyo. Wiki ya pili alipanda boda boda kwenda Karambi.

Ronah alikuwa ameketi mbele ya nyumba ya kaka yake akimenya mihogo. Zedekia akavua kofia, akapiga magoti.

"Simama," Ronah akamwambia. "Watoto wa ndugu yangu wanakutazama."

Hakusimama. Alimweleza yote, tangu nabii hadi tabibu. Hakujificha nyuma ya Yeseri. "Jina nililitaja mimi," akasema.

Ronah aliendelea kumenya mpaka muhogo ukaisha. "Mama Immy anakula?"

"Anakula."

"Anakula nini?"

"Asubuhi uji wenye karanga. Mchana maharage. Jana nimemletea samaki."

"Basi namshukuru Mungu."

"Mama, nitaezeka nyumba yako. Nitapanda mibuni upya. Rudi."

"Mabati utayapata. Mibuni utapanda, na baada ya miaka mitatu itazaa, nikiwa hai." Aliweka kisu chini. "Lakini siku ile nikitoka, mtoto wa pale dukani, niliyemkata kitovu mimi mwenyewe, mama yake alimvuta mkono asiniguse. Hilo utalipandia wapi, Zedekia?"

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani baada ya matangazo. Alisema mkewe hakurogwa. Alisema alikuwa na njaa ya aina ambayo posho haiiondoi, ndani ya nyumba yenye stoo iliyojaa, na kwamba mwanamke waliyemfukuza ndiye aliyekuwa akimweka hai. Baadhi ya vijana waliokata mibuni waliinamisha vichwa. Wawili walikwenda Karambi kuomba radhi. Wengine walisema Ronah sasa amemroga hata Zedekia, ndiyo maana anamtetea. Yeseri alikuwa amekwisha kung'oa hema na kwenda kusikojulikana. Paa liliezekwa, mibuni ikapandwa. Ronah hakurudi. Alifariki Karambi miaka miwili baadaye, na Sophie ndiye aliyeosha mwili wake.

Funzo

Wapenzi, kushiba si kula. Mtu anaweza kujaza tumbo lake kwa posho kila siku, au kwa muhogo mtupu, na mwili wake ukafa njaa polepole. Wanaojua tiba wanatuambia vitamini za B hazikai mwilini kwa muda mrefu, nyingi zake, ndiyo sababu zinatakiwa kuliwa mara kwa mara: katika karanga, maharage, samaki, mayai, maziwa, nyama, maini, mboga za majani. Anayekunywa pombe badala ya kula huzipoteza haraka. Mama mjamzito, na hata yule anayetarajia kushika mimba, asipozipata, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro ya mgongo. Asiyegusa kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa kwa miaka aulize hospitali, maana miguu ikianza kufa ganzi na kumbukumbu kupotea, huenda ndugu mmoja wa ukoo ule hayupo.

Ukiona mikono imeungua juani mpaka pale nguo inapoanzia, shingo imevaa mkufu wa weusi, tumbo linaharisha na mtu hatulii wala halali, usitafute mchawi. Tafuta tabibu, siku hiyohiyo. Na usimfungishe mgonjwa anayedhoofika. Mungu haombwi kwa kumnyima mgonjwa uji.

Enyi waume, mwangalieni anayepika. Mara nyingi ndiye anayekula mwisho na kilichobaki, naye hasemi, au anasema na hasikilizwi. Mazao mnayopeleka sokoni yapitie kwanza jikoni kwenu.

Na sisi sote, tuuchunge ulimi. Sophie alipona kwa vidonge na maharage. Lakini jina la mtu likishachafuliwa, hakuna hospitali iliyo na dawa yake.